Futa Choki

Herufi moja imenigharimu shilingi elfu nane mia saba na hamsini. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa kichwa, kisha kwa kalamu nyuma ya karatasi ya mkate, na jibu likawa lile lile mara zote mbili, jambo ambalo halikunifurahisha. Hapo sijaingiza sabuni ya kufulia shati lililolowa petroli, wala soli ya kiatu cha kulia iliyobaki kwenye kiki. Hizo nimezisamehe. Mimi si mchoyo.

Naanza na hajia, maana bila yeye nisingekuwa na haja ya pikipiki. Hajia ni mwenye oveni ya mikate hapa Garissa, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini ambayo haiinuki wala huiinui, unaisogelea tu. Mimi nilikuwa nimeuza mabeseni ya plastiki katika mji huu miaka sita, mpaka kila nyumba ikawa na beseni, na plastiki nayo haivunjiki vizuri. Kaka yangu huko bara alikuwa ameanza kunipigia simu akiniuliza kama mikono yangu bado ina nguvu za kuchuma majani chai. Nilijua maana ya swali hilo. Ndipo hajia akanipa njia ya kupeleka mikate: vibanda ishirini na vinne vya chai, kutoka upande wa daraja hadi upande wa soko la mifugo.

"Wiki moja ya kujaribu," aliniambia. "Watu wakitoka swala ya alfajiri wanataka chai na mkate. Mkate ukikosekana wanakula anjera, na mtu aliyekula anjera hawezi kurudi tumboni kuweka mkate. Ukichelewa mara tatu, njia namwachia mwenye tuktuk."

Mwenye tuktuk alikuwa amesimama pale pale, akipangusa kioo chake ambacho hakikuwa na vumbi.

Kwa hiyo nilihitaji pikipiki, na hajia akajua ilipo. "Adeer yangu anauza," akasema, yaani baba mdogo. Alikuwa mfugaji wa kule Kotile, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyeleta mbuzi siku ya soko na pikipiki juu yake, kwa maana ya kwamba mbuzi walitembea na yeye akapanda. Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, ile ya kabureta isiyo na kitufe cha kuwashia. Nilizoendesha mimi kabla ya hapo zilikuwa za watu, mpya, unabonyeza kwa kidole kama kengele ya mlango wa tajiri.

Kwenye soko la mifugo bei haitajwi kwa mdomo. Mnashikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikazungumza, na waliosimama kando wanabaki kuangalia nyuso. Mzee alitandaza shali yake juu ya mikono yetu, hajia akiwa kando. Akanibana vidole vinne, kisha vitano. Elfu arobaini na tano. Nikambana vitatu nikaacha hapo. Akaguna kama ngamia aliyeongezewa mzigo. Tulikwenda hivyo mpaka akabana vitatu, akatulia, akabana vinane. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, akamgeukia hajia, akasema neno kwa Kisomali.

"Anauliza kama mkono wako unaumwa," hajia akatafsiri.

"Mwambie nahesabu."

Elfu thelathini na nane, basi. Mzee akaongeza kiapo mbele ya hajia, bila kuombwa: "Siku saba, walaal. Ikikataa kuwaka, bikibiki inarudi kwangu, besa inarudi kwako. Wallahi." Walaal ni ndugu. Besa ni pesa. Hilo nililielewa bila shida, maana miaka sita ya mabeseni hapa mjini ilikuwa imenifundisha kwamba watu wa hapa P wanaipumzisha na kuweka B. Nilijiona mtaalamu.

Kisha akanipa maelekezo. Akanyoosha fimbo yake kuelekea tangi la petroli na kusema: "Asubuhi, kabla ya kubiga kiki, futa choki. Ikiwaka, subiri kidogo, halafu rudisha bolebole."

Nikatazama fimbo ilipoelekea. Pale ubavuni mwa tangi, kijana wa ushuru wa getini alikuwa ameandika kwa choki nyeupe namba kumi na nne, kwa sababu sokoni kila kitu kisicho na masikio ya kutiwa rangi kinaandikwa choki. Nikaona ni jambo la busara. Ushuru umelipwa, mali imeuzwa, namba ifutwe, asije askari akaniuliza kumi na tatu wengine wako wapi. Hiyo ya "rudisha" sikuielewa, lakini mtu aliyeshusha bei kwa elfu saba haulizi maswali mengi. Mzee alipiga kiki moja, saa sita mchana, jua likiwa limeketi juu ya vichwa vyetu na injini ikiwa bado na joto la safari. Ikawaka. Akapanda lori la wenye mbuzi akarudi kwao.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi. Nilichukua kitambaa, nikaifuta namba kumi na nne kwa heshima, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka mwenye nyumba wangu akafungua dirisha na kuniuliza natwanga nini saa hizi. Mwishowe niliikokota hadi kwa hajia, na pale mwenye tuktuk alikuwa ananingoja kwa upole kama daktari. Shilingi mia saba, akasema, kwa njia nzima. Nikasema mia nne. Akatazama saa yake. Mia saba.

Tulichelewa. Wateja wa vibanda vinane vya mwisho walikuwa wameshakula anjera.

"Moja," hajia akasema niliporudi na kreti.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa kutoka Mwingi, mwenye kibanda cha mabati karibu na kituo cha mafuta, na tabia ya kuimba kwa pua anapofungua nati. Hafungui kabla ya saa mbili. Alitoa plagi, akaitazama kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, akasema, "Hii imekufa zamani, ni vile tu hamkuambiwa." Plagi mpya, mia tatu na hamsini. Alipiga kiki ya nne ikawaka. Nikaiendesha siku nzima bila tatizo, nikazima, nikawasha, nikazima. Kila mara kiki moja. Nikamsifu fundi kwa watu.

Asubuhi ya pili ilikataa.

Nilimpigia mzee simu. Kotile mtandao huja na kwenda, kwa hiyo tulizungumza kama watu wanaorushiana maneno juu ya mto.

"Umefuta choki?" akaniuliza.

"Nimefuta."

"Yote?"

"Yote, mzee. Hata alama haionekani."

"Fizuri. Ilikuwa na taabu kufuta?"

"Hapana, kitambaa kikavu tu."

"Kitambaa," akasema, kama mtu anayeonja. "Sawa. Mkono ukiwa na mafuta inateleza, kweli. Umerudisha?"

"Sijarudisha."

"Ah, walaal. Lazima urudishe. Usiboirudisha inakunywa betroli."

Hapo simu ikakatika. Na mimi, mtu ambaye sijawahi kununua beseni bila kuligonga chini, nilikaa juu ya ndoo nikatafakari namna namba ya ushuru isiyorudishwa inavyoweza kunywa petroli. Lakini mzee hakuwa mwongo, na pikipiki haikuwa inawaka, na kati ya mambo hayo mawili nafasi ya kiburi changu ilikuwa ndogo. Siku hiyo tuktuk tena, mia saba tena. "Mbili," hajia akasema. Nikarudi kupitia duka la vitabu nikanunua pakiti ya choki. Vipande kumi na viwili, shilingi mia moja. Nilijaribu kununua kimoja. Mwenye duka akasema yeye hauzi vidole, anauza mkono.

Mchana huo fundi alifungua kabureta. Akaisafisha kwa petroli na mswaki, akaipuliza, mia nane. Akabadilisha mpira wa petroli, mia na hamsini, kwa sababu ulikuwa umekakamaa, na chujio la hewa, mia nne na hamsini, kwa sababu mchanga ndani yake ungetosha kufyatua tofali. Nikasema mchanga wa Garissa uko kwenye kila kitu hata kwenye wali. Akasema ndiyo, lakini wali hauna pistoni. Halafu akaingiwa na wasiwasi wa koili, na wasiwasi wake uligharimu elfu moja mia nane. Ilipofika saa saba, chuma chote kikiwa hakishikiki kwa mkono, akapiga kiki ya kwanza. Ikanguruma.

"Unaona," akasema.

Niliona. Sasa najua kwamba jua la Garissa ndilo lililokuwa fundi, na yeye alikuwa anakusanya ada kwa niaba yake. Lakini wakati ule nilimlipa, kisha nikatoa kipande cha choki mfukoni, nikaandika kumi na nne ubavuni mwa tangi, kwa mwandiko mzuri.

Fundi aliacha kuimba. "Hiyo ni ya nini?"

"Maelekezo ya mwenyewe. Asubuhi nafuta, ikiwaka narudisha."

Aliitazama namba, akanitazama mimi, akafunga sanduku lake la spana. "Kila mtu na imani yake," akasema.

Asubuhi ya tatu sikubahatisha. Nilikuwa nimeagiza tuktuk tangu jioni, mia saba za tatu, na mkate ukafika kwa wakati vibanda vyote. Nikarudi kwa hajia nikitembea kama mtu aliyefunga bao. Akaniita karibu na meza ya unga.

"Leo hukuchelewa," akasema.

"Sikuchelewa, hajia."

"Umemwonyesha mwenye tuktuk vibanda vyote ishirini na vinne?"

"Vyote."

"Na majina ya wenyewe? Nani anachukua mikate mingapi, nani wa kulipa Ijumaa?"

Hajia alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Siku tatu unamlipa yeye mia saba ili umfundishe kazi yako," akasema. "Mimi nimefanya biashara miaka mingi, sijaona mwanafunzi analipwa karo na mwalimu. Kesho njoo na pikipiki, au usije."

Nje, mwenye tuktuk alikuwa ananipungia mkono kwa mapenzi ya dhati.

Jioni ile kaka yangu alipiga simu kuuliza hali ya mikono. Nilipomaliza naye nikampigia mzee, na nilipiga nikiwa na hasira, jambo ambalo katika biashara ni sawa na kufungua pochi hadharani. Niliweka simu kwenye spika ili mwenye nyumba na wapangaji wote wawe mashahidi. Nikasema pikipiki yako ni mgonjwa. Nikasema imekunywa plagi, koili na chujio na bado haijashiba. Nikasema ulikula kiapo, siku saba hazijaisha, nataka pesa zangu.

Nikaisogeza simu karibu na mashahidi.

"Umefuta choki?" akauliza.

"Nimefuta, nimerudisha, nimefuta tena. Nimefuta mpaka rangi ya tangi inatoka."

"Rangi," akasema. Kisha, taratibu: "Sawa. Nakuja."

Na alikuja. Nilipofika kwa hajia alfajiri, nikiikokota pikipiki, namba kumi na nne ikiwa imefutwa asubuhi ile ile kwa kitambaa kipya, mzee alikuwa ameketi juu ya kreti tupu akinywa chai ya maziwa. Alikuwa amesafiri na lori la mbuzi na harufu ilimfuata kwa uaminifu. Hakunisalimu kwa walaal. Alitoa kifundo cha kitambaa kiunoni, akakifungua juu ya meza ya unga, akahesabu noti za shilingi elfu thelathini na nane mbele ya hajia. Nikazihesabu mimi. Nikazihesabu tena.

"Zimetimia?" akauliza.

"Zimetimia."

"Basi kiafo kimetoka shingoni kwangu." Kiafo ni kiapo, hapo alikuwa na hasira, hata P ikapotea njia. Akasimama, akaiendea pikipiki, akaingiza mkono chini ya tangi mahali ambapo sijawahi kuweka hata jicho, akatoa kijiwaya kilichokunjwa kitanzi. Akakivuta. Kikatoa sauti ndogo, tik. Akapiga kiki moja.

Ikawaka. Ilinguruma kwa sauti ya juu, kama mtu aliyeamshwa kwa habari njema. Mzee akasubiri, akiitegea sikio, kisha akakirudisha kile kijiwaya polepole, na mngurumo ukatulia.

"Nafuta," akasema, akinitazama. "Narudisha. Wabi ugonjwa?"

Hajia alikuwa amekwisha elewa. Niliona kwa mabega yake. Alikuwa ameegemea oveni na mtandio mdomoni, na mabega yanaruka. "Adeer," akasema alipoweza, "huyu amefuta." Akanyooshea kidole ubavu wa tangi, akafanya ishara ya mtu anayepangusa meza. Akaongeza kwa Kisomali, kwa kirefu, na katikati nikasikia kumi na nne. Kisha akanigeukia mimi. "Kwetu V haipo. Anayo F tu, anaitumia kwa kazi zote mbili. Alikuwa anakwambia uvute. Choki ya injini, ile ya kupunguza hewa ikiwa baridi. Kishikio kilivunjika, akafunga waya."

"Nilimuuliza mara ngapi," mzee akasema. "Umefuta? Anasema nimefuta."

"Ulisema futa."

"Ndiyo. Nilisema futa."

"Basi mimi nikafuta."

"Hukufuta. Ungefuta ingewaka."

Hatukuwa na pa kwenda na mazungumzo hayo. Nje mwadhini alikuwa amemaliza zamani, watu walikuwa wanaanza kutoka msikitini, na mwenye tuktuk alikuwa amewasha injini yake ili tusimsahau. Nilipanga kreti ya kwanza juu ya kiti cha pikipiki. Mzee akaishusha.

"Bikibiki ya nani?" akauliza.

Nikatazama mkono wangu. Noti zilikuwa bado mkononi.

"Mzee, tulielewana vibaya tu. Chukua pesa zako."

"Besa ni zako. Umeita mashahidi, nimesikia nyumba nzima kwa simu. Soko limefunjika." Akakaa juu ya pikipiki, akalipapasa tangi. "Na hii si ile ya kwanza. Hii ina blagi mbya. Koili mbya. Kabureta safi. Wewe mwenyewe umesema."

Hapo ndipo nilipomheshimu. Nilimgeukia hajia, shahidi, mpwa wake, na mwenye mkate. Alikuwa amevaa miwani. "Mimi nauza mikate," akasema. "Dakika kumi."

Shali ya mzee ilikuwa imekaliwa na kreti, kwa hiyo tulishikana mikono chini ya gunia tupu la unga. Alibana vinne na vinane. Nikakohoa unga. Nikabana vitatu na vinane, akacheka bila sauti. Nikamkumbusha nauli ya mbuzi si yangu. Akanikumbusha kwamba alisafiri na mbuzi kwa sababu yangu, na kwamba mbuzi wana adabu, wakisikia neno wasilolijua wanauliza. Nilimwambia vifaa hivyo vipya nilivinunua mimi. Akasema najua, ndiyo maana naviamini. Tulipofika vinne na kimoja, sikumwomba arudie. Ni mara pekee maishani nilipohesabu mara moja.

Elfu arobaini na moja. Nilimrudishia zake thelathini na nane na kuongeza tatu zilizokuwa za kodi. Nilivuta waya, nikapiga kiki, nikarudisha polepole, na mkate wa kwanza ukafika kibanda cha kwanza wenyewe wakiwa bado wanavaa viatu nje ya msikiti. Njia ni yangu hadi leo. Mwenye tuktuk amehamia kuuza maji.

Sikuacha hivi hivi. Nilimwendea fundi, nikamuuliza kama aliuona ule waya alipofungua kabureta. Aliuona. Mbona hakusema? "Wewe ndiye mwenye pikipiki," akasema. "Ningekuuliza pia kama unajua breki iko wapi?" Kisha akaniambia, kwa faragha, kwamba alidhani choki za darasani ni za dawa na hakutaka kuingilia.

Kwa mzee nilidai nusu ya hasara, nikiwa na hoja yangu tayari: herufi ilikuwa yake. Alinisikiliza siku ya soko, akinywa chai kwa hesabu yangu. Akasema lugha ni ya kwangu, yeye ameazima tu, na kilichoazimwa kikiwa na upungufu alaumiwe mwenyewe. Lakini akaniwekea sharti, na hajia akawa shahidi. Atanirudishia zile elfu tatu siku nitakayotamka maziwa kwa Kisomali sawasawa. Neno lenyewe linaandikwa caano, ila hiyo C si C. Inatoka chini kooni, mahali ambapo mimi sina kitu.

Sasa kila siku ya soko ananiita mbele ya wachuuzi wote. "Sema."

"Aano."

"Kama umefuta choki," anasema, na elfu tatu zinabaki Kotile.

Najua wenzangu wa Pwani mlioketi chuoni mnayo sauti hiyo tangu utotoni, ile iliyo mwanzoni mwa Arafa, mnaitoa bila jasho. Naomba mmoja wenu anishauri: koo linabanwa wapi, ulimi unakwenda wapi, na je, inasaidia kunywa maji kabla au baada? Siku ya soko haiko mbali. Atakayefanikisha hatakosa chake. Bei tutaizungumza, gunia ninalo.